Saa Kumi na Mbili, Nyuma ya Jiwe

Sikukimbia kila siku. Nalisema hilo mapema, kabla sijapata nafasi ya kulipamba, kwa sababu kwa zaidi ya miaka ishirini nimesema kinyume chake mbele ya watu wenye heshima zao. Nimewaambia wanangu kila walipokataa kuamka. Nimewaambia wanafunzi wangu, wale wanaoingia darasani saa nne wakipiga miayo. Nimemwambia hata daktari, mwaka jana tu, aliponipima presha na kuniuliza kama nimewahi kuwa mtu wa mazoezi. "Sana," nikamjibu, nikainua na kidevu. "Singida, enzi za Ujamaa. Mchakamchaka kila siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi." Daktari akaandika. Sasa limo kwenye faili, na nani ataenda kulifuta?

Ukweli ni kwamba miezi minne ya mwanzo nilikuwa nimekaa nyuma ya jiwe.

Nilikuwa opereta wa simu katika ofisi moja kubwa ya serikali mjini. Chumba changu kilikuwa kidogo kama stoo: swichibodi yenye matundu na waya zake, kiti kimoja, na dirisha lililotazama mlingoti wa bendera. Aliyetaka kuzungumza na Manyoni au Dodoma alipitia kwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, cheti cha kidato cha nne, na tamaa moja tu, kwenda chuo kikuu. Wakati ule mlango ulikuwa umefunguliwa kwa watu kama sisi tulioingia kazini tukiwa bado wadogo. Ulifanya mtihani wa kuingia; ukifaulu, mahali pako pa kazi walijaza fomu kueleza wewe ni mtu wa namna gani. Unafanyaje kazi, una tabia gani, unashirikiana na wenzako au unajitenga. Mtihani niliweza kuusomea. Fomu ndiyo iliyoninyima raha, kwa maana mtu hajisomei tabia.

Niliishi na mama yangu Mwankoko. Kutoka kwetu hadi ofisini ni mwendo wa saa nzima na kidogo, kama hukusimama kusalimia, na kwetu kutosimama kusalimia ni kosa. Niliamka saa kumi, nikateka maji, nikaondoka na akina mama waliopeleka maziwa mjini. Kazini mpaka alasiri. Siku mbili kwa wiki, baada ya kazi, nilifundisha kisomo cha watu wazima, maana kila aliyejua kusoma alipewa wasiojua. Kisha saa nzima nyingine ya kurudi. Nyumbani kulikuwa na koroboi moja, na mafuta ya taa yalipatikana kwa msimu kama maembe. Masomo yangu yalikuja kwa posta, katika bahasha za kaki, somo baada ya somo: historia, jiografia, uchumi. Bahasha zilirundikana. Nilichora ratiba kwa rula na kalamu ya rangi mbili, nikaitundika ukutani. Ilikuwa ratiba nzuri sana. Haikuwa na kosa lolote, isipokuwa ilihitaji siku yenye saa thelathini.

Ndipo likatoka agizo kwamba watumishi wote wakimbie mchakamchaka kila asubuhi kabla ya kazi.

Nilipomweleza mama, alikuwa anapepeta uwele. Akasimamisha ungo.

"Mkimbie? Ng'ombe wa nani amepotea?"

"Hakuna ng'ombe, mama. Ni kwa ajili ya afya."

"Mtakimbia kwenda wapi?"

"Mpaka ziwani, halafu tunarudi."

"Mnafuata nini huko ziwani?"

"Hakuna tunachofuata. Tunarudi tu."

Mama aliendelea kupepeta kwa muda. "Umetembea kutoka hapa mpaka mjini," akasema mwishoni, "ukifika unakimbia mpaka ziwani, unarudi mikono mitupu, halafu ndiyo unaanza kazi. Na wewe ndiye uliyesoma."

Nilinunua raba.

Kiongozi wetu wa mazoezi alikuwa mkuu wa matarishi, mzee aliyepigana na Wajapani katika vita vya Bama na kurudi na magoti mazima, jambo alilolitaja mara nyingi. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa jemadari wa ofisi nzima. Alimfokea mkubwa wetu wa kazi, mtu mnene mwenye moyo mzuri, "Inua miguu, Ndugu, hiyo siyo mifuko ya mahindi!" na mkubwa akainua. Saa moja na nusu mzee yuleyule alibisha hodi kwenye mlango wa mtu yuleyule, akaingia na mafaili mikono miwili, akasubiri amesimama. Hakuna aliyeliona hilo kuwa la ajabu. Alfajiri ilikuwa na cheo chake, na asubuhi ilikuwa na chake.

Alitunza daftari la mahudhurio. Kwa kuwa hakujua kuandika, alikuwa amemchorea kila mtu alama yake. Mkubwa wetu alikuwa kiti. Dereva alikuwa gurudumu. Mpiga chapa alikuwa kisanduku chenye meno. Mimi nilikuwa mkono wa simu, umelala vizuri juu ya kitako chake, na waya wake umejikunja. Mbele ya kila alama alitia mstari mmoja kwa kila siku mtu aliyokimbia.

Njia yetu ilipita mbele ya maduka, ikashuka kuelekea Ziwa Singidani, ikapinda kwenye yale mawe makubwa yaliyopandana, ikafuata ufuko kidogo, na kurudi palepale. Siku ya tatu tulipofika kwenye mawe, kifua kikiwaka moto, niliinama kufunga kamba ya raba. Wenzangu wakapita. Nikaona ufa kati ya jiwe na jiwe, upana wa mtu mmoja. Niliingia ili nivute pumzi. Ndani palikuwa pakavu, pametulia, upepo wote umebaki nje, na mwanga wa asubuhi uliingia kutoka juu na kutua magotini kama mtu ameuweka pale makusudi. Mfukoni mwa gauni nilikuwa na somo la nne la historia.

Unafanyaje?

Nilisoma mpaka niliposikia wanarudi. Mzee alikuwa ameanzisha wimbo. "Aliyelala!" "Aamke!" "Aliyekaa!" "Asimame!" Nikasimama, nikachomoka, nikajiunga nyuma ya mstari nikihema. Siku ya nne sikuinama kufunga kamba hata kidogo.

Wiki ya pili nilikuwa fundi. Nilibeba kichupa cha dawa ya kikohozi kilichojaa maji, nikajinyunyizia usoni na mgongoni nikisikia wimbo unakaribia. Kuhema nilijifunza kwa mbuzi wa mama. Dakika ishirini kila asubuhi, mara tano kwa wiki. Bahasha za kaki zikaanza kupungua. Nilijiona mwerevu kuliko ofisi nzima. Mbele ya jiwe ndege wale wekundu, heroe, walisimama kwa mguu mmoja majini bila kuagizwa na mtu, na mimi nikawatazama kama wenzangu.

Alama moja tu ilinitia wasiwasi. Siku moja mzee aliliacha daftari mezani kwangu alipokuja kuchukua barua, nikalifungua haraka. Mbele ya kiti kulikuwa na mistari. Mbele ya gurudumu, mistari. Mbele ya mkono wa simu hakukuwa na mstari hata mmoja, ila viduara vidogo vilivyopangana vizuri, ukurasa baada ya ukurasa. Nilishtuka. Kisha nikakumbuka kwamba mzee alikuwa mwanafunzi wangu wa kisomo, na kwamba wiki ile nilikuwa nimemfundisha herufi O. Anafanya mazoezi ya mwandiko, nikajiambia, na kwa heshima anayafanya kwenye nafasi ya mwalimu wake. Nililifunga daftari nimeridhika, hata nikaguswa kidogo moyoni. Hivyo ndivyo mtu msomi anavyojidanganya. Mtu wa kawaida angeogopa.

Mwenye duka tulilolipita kila asubuhi hakujidanganya. Alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa palepale Singida, na saa ile alikuwa barazani akifagia. Raba zangu nilinunua kwake, siku moja na mpiga chapa.

"Dada," aliniita jioni moja nikipita, "mwenzako raba zake zimeshatoboka kidoleni. Zako mbona zinang'aa kama ziko dukani bado?"

"Nazitunza, mama."

"Unazitunza wapi? Mguuni au mkononi?"

Nilicheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikashika njia ya Mwankoko.

Mwezi wa nane mama yake dereva alifariki. Mtu wa ofisi akifiwa, ofisi imefiwa. Habari ilifika jioni baada ya mimi kuondoka, kwa hiyo asubuhi yake nilifika kiwanjani dakika ya mwisho kama kawaida, nikaingia kwenye mstari, tukaondoka. Niliona kwamba hatuimbi. Sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa na somo la uchumi mfukoni, gumu, na kichwa changu kilikuwa kimeshatangulia kwenye jiwe.

Mnaona kosa lenyewe. Wimbo ulikuwa saa yangu. Mtu mwenye saa ya mkono asingepatwa na hili, lakini nani alikuwa na saa ya mkono? Nilikaa, nikasoma kwa nini bei hupanda na kwa nini hushuka, nikasoma tena. Upepo wa Singida wa mwezi wa nane ulikuwa unapiga mluzi kwenye ufa. Nilipogutuka mwanga ulikuwa umeshahama magotini ukafika kifuani. Nikachungulia. Kwa mbali, karibu na maduka, niliona migongo ya wenzangu, midogo kama punje, imenyamaza kwa heshima ya marehemu. Walikuwa wamenipita zamani.

Nikakimbia.

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kukimbia hivyo mjini Singida pasipo kufukuzwa. Kichupa kilianguka. Karatasi zilinitoka mkononi. Mbili zikapaa kuelekea ziwani na nikaziacha, mimi niliyezilinda kuliko macho. Gauni lilinishika magotini nikalikunja. Nilipopita barazani kwa mama wa duka, aliuegemea ufagio wake akapiga makofi mawili, taratibu, bila neno. Niliwafikia wenzangu kwenye lango la ofisi. Jasho lilikuwa la kweli, machozi ya kweli, na kuhema hakukuwa kwa mbuzi.

Mzee alikuwa mbele. Hakugeuka.

"Leo umehema kweli," akasema.

Saa tatu alibisha kwenye chumba changu. Nilivua vidude vya kusikilizia simu masikioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aliweka karatasi mbili mezani, zimelowa pembeni. "Nimezifuata ziwani. Sijui ipi inatangulia. Unajua mimi nimefika kwenye ma-me-mi-mo-mu tu."

Nilizipanga zile karatasi, inayotangulia juu. "Umejua tangu lini?"

"Siku yako ya kwanza. Mwanzo nilidhani umekwenda haja."

"Mbona hukusema?"

"Bama niliona watu wengi wakijificha kwenye mawe. Wale walijificha risasi. Nikajiuliza, huyu binti anajificha nini? Nikarudi kuchungulia. Nikakuta unasema na karatasi, umekunja uso kama unaidai." Alicheka peke yake. "Nikasema, tutaimba tukikaribia, asije akashtuka."

Aliyekaa, asimame. Miezi minne wimbo ule ulikuwa wangu peke yangu, na mimi nilikuwa nikiucheka.

"Mzee, utanisema?"

"Mimi sisemi," akajibu, akijinyoosha. "Mimi naandika." Kisha, amefika mlangoni: "Kesho unakaa mbele. Mtu aliye mbele hapotei. Wewe ndiye utaimbisha."

"Sijui nyimbo."

"Imba hizo karatasi."

Nilidhani ni utani. Asubuhi iliyofuata alinisimamisha mbele ya watu wazima thelathini, akasema, "Mwalimu, haya," na hakukuwa na jiwe lolote kiwanjani. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni kile nilichosoma jana yake.

"Bei ikipanda!"

Miguu tu, pu, pu, pu.

"Itikieni: wanunuzi hupungua," mzee akaamuru.

"Bei ikipanda!"

"Wanunuzi hupungua!"

"Bei ikishuka!"

"Wanunuzi huongezeka!"

Ofisi nzima ilikimbia mpaka ziwani na sheria ya ugavi na mahitaji. Kesho yake ilikimbia na mito ya Afrika Mashariki, chanzo na mwisho wake. Wiki hiyo hiyo mito ilikwisha nikahamia kwenye historia, ambako kila jumbe aliyekataa utawala wa Wajerumani aliitikiwa kwa sauti ya watu thelathini wenye njaa. Mkubwa wetu alipenda sana jiografia; alipofika kwenye mawe alikuwa hana pumzi ya jina refu, basi akaitikia silabi za mwisho tu. Dereva, arobaini ya mama yake ilipopita, alirudi kwenye mstari na kuimba kuliko wote, na siku moja nilimkuta sokoni anabishana na muuza nyanya.

"Mama, ugavi ukizidi bei hushuka. Angalia, soko zima nyanya."

"Basi kanunue kwa huyo Ugavi," muuzaji akamjibu. "Hizi ni zangu."

Sitasema kwamba mwili wangu ulipenda. Mwezi wa mwanzo wa kukimbia nilishuka ngazi za ofisi kinyumenyume kama mtu anayeshuka mtini. Lakini raba zilitoboka, kwanza ya kulia, na nilipopita dukani nilikanyaga makusudi pale ambapo mama wa duka angeona kidole. Nilikuwa nimehangaika miezi minne kuingiza mazoezi kwenye ratiba yangu, kumbe ilikuwa ratiba ndiyo ya kuingizwa kwenye mazoezi. Na jambo moja naliweka hapa kama ushahidi. Yale niliyoyasoma kwa raha nyuma ya jiwe, kwa utulivu, mwanga umetua magotini, yote nimeyasahau. Niliyoyapiga kelele nikikata pumzi nayajua mpaka leo. Niulize mto wowote.

Nilifanya mtihani mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata. Mama alinipikia ugali wa uwele asubuhi ile kana kwamba nakwenda kulima. Nilifaulu.

Kisha ikaja fomu.

Mkubwa wetu aliijaza kwa mkono wake, na alinipa sifa ambazo ningependa zisomwe kwenye mazishi yangu. Ukurasa wa mwisho kulikuwa na swali juu ya mazoezi ya viungo na nafasi tatu za kuchagua: kila siku, mara kwa mara, hashiriki. Aliyeongoza mazoezi ndiye alipaswa kutia saini. Mzee akaitwa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mikono nyuma.

"Mzee, weka saini hapa," mkubwa akasema. "Nimeshatia alama kwenye kila siku. Sisi wote ni mashahidi, huyu ndiye anayetukimbiza siku hizi!"

Mzee alichukua kalamu. Halafu, badala ya kusaini, aliinama akaweka kidole kwenye karatasi. Midomo yake ikaanza kutembea. Nilikijua kile kidole. Nilikuwa nimekishika mimi mwenyewe, darasani, nikikiongoza kutoka silabi hadi silabi.

"Ki-la," akasoma. "Si-ku." Akainua macho. "Hapa pameandikwa kila siku."

"Ndiyo, mzee."

"Siyo kila siku," akasema, akaiweka kalamu chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

Mkubwa alinitazama. Nilitazama bendera dirishani. Alisubiri mmoja wetu aseme neno. Tulipokaa kimya alifuta alama yake kwa raba ya penseli, kwa uangalifu, akasema hawezi kumlazimisha mtu kusaini, na fomu lazima iondoke na basi la mchana. Ikaondoka na pengo.

Nilimkasirikia mzee kwa wiki tatu. Najua ilivyo aibu kuandika hivi. Mtu alinifuatia karatasi zangu ziwani, akanitungia wimbo wa kuniamsha, akanipa uongozi wa ofisi nzima, na mimi nilimkasirikia kwa sababu alisoma maneno mawili niliyomfundisha kusoma. Niliendelea kukimbia. Niliendelea kuimbisha. Lakini nilimpa shikamoo kavu, ile ya kutimiza wajibu, na yeye akaipokea kama ilivyo: "Marahaba, mwalimu."

Mama nilimweleza yote, hata jiwe. Alicheka mpaka akaketi.

"Kwa hiyo hata huko ziwani ulikuwa hufiki."

"Mama, nitakosa chuo."

"Ukikosa utalima. Ukipata utakwenda. Shamba halikimbii, wewe ndiye unayekimbia." Baadaye, akichochea moto, alisema bila kunitazama kwamba ameshaniwekea shuka mbili mpya kwenye sanduku, na kwamba hataki kuona zikirudi kutandikwa hapa.

Simu ililia siku ya Jumanne asubuhi, baada ya mazoezi, kabla jasho halijakauka vizuri. Alikuwa opereta wa Dodoma, mwanamke niliyezungumza naye kila siku kwa miaka minne bila kumwona uso.

"Singida, umeamkaje? Pokea Dar es Salaam, dada. Chuo kikuu. Wanamtaka mkubwa wenu." Akashusha sauti. "Ni mambo yako yale?"

"Ndiyo yenyewe."

"Basi laini nitaishikilia kwa meno."

Nilichomeka waya. Sheria ya kwanza ya opereta ni kwamba ukishaunganisha unatoka, husikilizi. Nilikuwa sijaivunja hata mara moja kwa miaka minne, na hilo nalo nimewaambia watu wengi.

Mtu wa Dar es Salaam alikuwa na sauti ya kijana aliyechoka. Alisema ana fomu mezani, kila kitu safi, ila kuna pengo ukurasa wa mwisho, na leo ndiyo wanafunga orodha. Mkubwa wetu akakohoa. Akasema kiongozi wa mazoezi ndiye mwenye neno hilo, na yuko hapo mlangoni na mafaili. Nikasikia mkono wa simu ukibadilisha mikono. Mzee aliamini kwamba Dar es Salaam ni mbali, basi alizungumza ili sauti ifike.

"HALOO! Hujambo, kijana!"

"Shikamoo, mzee. Nakusikia vizuri, huna haja ya kupiga kelele. Huyu mtumishi wenu, anashiriki mazoezi?"

"Anashiriki!"

"Kila siku?"

Nilisikia karatasi zikifunuliwa. Alikuwa na daftari lake kwapani, kama siku zote.

"Subiri nisome," mzee akasema. Kisha akasoma. "Mwezi wa nne. Jiwe. Jiwe. Jiwe. Jiwe. Mwezi wa tano. Jiwe. Jiwe. Jiwe..."

"Mzee, samahani. Jiwe ndiyo nini?"

"Ni siku aliyokaa nyuma ya jiwe. Nimechora jiwe."

Vile viduara. Nilishika ukingo wa meza.

"Nyuma ya jiwe anafanya nini?"

"Anasoma. Masomo yale ya bahasha, ya kuja kwenu."

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Baridi kali, na upepo. Ametoka Mwankoko kwa miguu."

"Ni mawe mangapi yote?"

"Mengi. Ya miezi minne. Siwezi kukudanganya." Ukurasa ukafunuliwa. "Halafu hapa tulifiwa na mama wa dereva. Baada ya hapo ni mstari. Mstari. Mstari. Mpaka leo, mistari mitupu, miezi tisa. Na leo ameimbisha vizuri sana, ingawa amenikasirikia."

Nilisikia kicheko kidogo. Nadhani kilikuwa cha Dodoma.

"Sasa mzee," kijana akasema, na uchovu ulikuwa umemtoka sautini, "mimi nina nafasi tatu tu hapa. Kila siku, mara kwa mara, au hashiriki. Niandike ipi?"

"Kwani wewe mwenyewe asubuhi unakimbia?"

Laini ilivuma. Upepo wa kilomita zote zile ulipita masikioni mwangu.

"Mara kwa mara," kijana akajibu.

"Basi mwandike kama wewe."

Kalamu haisikiki kwenye simu, lakini naapa niliisikia. "Nimeandika," akasema. "Mwambieni ajiandae. Mwezi wa saba awe hapa."

Kazi ya opereta, mazungumzo yakikoma, ni kuuliza swali moja kabla ya kukata. Nililiuliza kwa sauti ambayo Dodoma alinitania nayo mpaka siku niliyoondoka.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, mwalimu," mzee akajibu. "Chomoa."